Maswali na majibu: kukwaruza si kukwangua

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya somo la vyombo vya Wagiriki wa kale kwa krayoni na rangi nyeusi. Yanayouliza pa kununua manila nimeyaacha.

Rangi nyeusi haishiki juu ya krayoni. Inakimbia na kujikusanya matone matone. Nimezidisha rangi lakini wapi! (Mwalimu, Morogoro)

Sabuni. Matone matatu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa kila kijiko cha chakula cha rangi. Nta ya krayoni na maji havipatani, na sabuni ndiyo msuluhishi. Koroga taratibu, maana povu likikauka linaacha vitobo. Jibu hili limeshatolewa hapa mara nyingi, kwa hiyo atakayeuliza tena asinilaumu nikikaa kimya.

Darasa langu la tano hupaka krayoni ya rangi ya chungwa karatasi nzima, kisha nyeusi karatasi nzima, halafu wanachora shujaa kwa kijiti. Wanafurahia, lakini kazi haifanani na picha za vitabuni. Tunakosea wapi? (Kisumu)

Mnakosea hapo kwenye nyeusi ya "karatasi nzima". Mnachopata ni uzi wa chungwa ukielea gizani, na huo si mtindo wa maumbo meusi wala wa maumbo mekundu, ile mitindo miwili ya kuchora vyombo vya Wagiriki. Walimu wengi wanafundisha hivyo, kisha wanaandika ubaoni "Sanaa ya Ugiriki". Mtoto anaondoka na jina tu.

Maumbo meusi yalianzia Korintho, hiyo hiyo ya nyaraka za Paulo, katika karne ya 7 K.K., na Athens ikaupokea mtindo huo na kuutawala. Mchoraji alipaka nyeusi ndani ya umbo la mtu au farasi tu, kama kivuli ukutani, na pembeni akauacha udongo wazi. Kisha, kabla chombo hakijachomwa, alichukua ncha kali akakwaruza ndani ya kile kivuli: jicho, ndevu, misuli ya paja, mikunjo ya joho. Kila mstari ulifichua udongo wa chini. Maumbo mekundu yalizuka Athens kati ya 530 na 520 K.K., na mambo yakageuka: nyeusi ikajaza nyuma, mtu akabaki na rangi ya udongo, na mistari ya mwili wake ikachorwa kwa brashi. Kwa hiyo kijiti ni cha maumbo meusi. Ukitaka mekundu, mpe mtoto brashi namba 1 na ukiache kijiti mezani.

Fanyeni hivi. Manila ya A4 ipakwe krayoni ya chungwa kwa kukandamiza, kisha kahawia hafifu juu yake. Iinamishe kuelekea dirishani: ukiona vidoti vyeupe, nta haijatosha, na hapo rangi itazama kwenye karatasi isikwaruzike tena. Umbo la mtu lichorwe pembeni kwenye karatasi ya daftari, urefu usipungue sentimita 15, likatwe kwa mkasi, lilazwe juu ya manila na kuzungushiwa penseli. Ndani ya mstari huo paka nyeusi nyepesi, subiri ikauke kama dakika 20 au 30, paka tena. Ikikauka vizuri, mtoto akwaruze kwa kijiti cha mshikaki au kalamu ya wino iliyokwisha. Mstari wa nje haukwaruzwi, isipokuwa pale miili miwili inapopishana na unataka mkono wa huyu utofautike na kifua cha yule.

Hapo pia utaelewa kichwa cha safu hii. Kukwaruza ni kutia mstari. Kukwangua ni kuondoa eneo zima, na mtoto aliyeanza kukwangua shujaa wake hatabaki na shujaa.

Karatasi za dukani zenye rangi za upinde wa mvua chini ya nyeusi zinafaa?

Kwa kadi za sikukuu, sana.

Rangi inabanduka vipande vipande badala ya kutoa mstari safi. (Mzazi, Arusha)

Hukutaja aina ya rangi, na ndilo jambo la kwanza la kutaja. Kama ni akriliki au rangi ya ukutani, hiyo hukauka ikawa utando kama plastiki. Ukivuta mstari mmoja unaondoka na jirani zake. Tumia rangi ya maji ya kawaida ya shule. Kama ndiyo hiyo hiyo, basi umeipaka nene, au umeilaza hadi kipindi cha wiki ijayo, ikakauka mno na kuwa kama ganda la yai. Kazi hii ipakwe na kukwaruzwa siku moja. Ikinata na kujikunja mbele ya kijiti, umewahi, subiri.

Mtoto aweke kipande cha karatasi chini ya kiganja, na anayetumia mkono wa kulia aanzie juu kushoto. Jasho la mkono linaharibu kazi nyingi kuliko kijiti. Na msizipange karatasi uso kwa uso, hasa Pwani: nta italainika na asubuhi utabandua kazi mbili kwa mpigo.

Naweza kuwapa wembe?

Hapana.

Ule urembo wa pembe pembe unaozunguka shingo ya chombo unatushinda. Kila mara mwisho haukutani na mwanzo. (Mwalimu wa sanaa, Mwanza)

Huo ni meanda, na tatizo lenu ni hesabu. Piga miraba ya nusu sentimita kwa penseli. Anzia kona ya chini kushoto: juu 2, kulia 2, chini 1, kushoto 1, chini 1, kulia 2. Umefika mwanzo wa pambo linalofuata, miraba mitatu mbele ya ulipoanzia. Kwa hiyo urefu wa mkanda lazima ugawanyike kwa tatu. Upana wa A4 ni milimita 210, yaani miraba 42, yaani mapambo 14 kamili bila baki. Shingo ikiwa nyembamba zaidi, punguza miraba mitatu mitatu, usipunguze mmoja mmoja. Hapo ndipo mnapopotea.

Kwenye vyombo vyenyewe meanda ilipakwa kwa brashi, haikukwaruzwa. Darasani mkiukwaruza kwenye mkanda mweusi nitafumba macho, mradi mtoto aambiwe.

Hiyo nyeusi yao ilikuwa rangi gani? Mwanafunzi kaniuliza nikasema lami.

Mrudie umsahihishe. Ulikuwa uji wa udongo ule ule, uliochujwa hadi ukabaki ulaini wake tu. Siri ilikuwa tanurini. Kwanza moto ulipewa hewa, chombo chote kikawa chekundu kwa sababu ya chuma kilichomo udongoni. Kisha matundu yakazibwa na kuni mbichi zikatiwa. Hewa ikakosekana, joto likapita nyuzi 900, chote kikawa cheusi, na uji ule laini ukayeyuka kidogo ukajifunga kama kioo. Mwisho hewa ikarudishwa: udongo wa kawaida ukanywa hewa na kurudi wekundu, lakini palipojifunga hewa haikuingia, pakabaki peusi. Mchomo mmoja, hatua tatu.

Nyuso za wanawake tuzipake nini?

Nyeupe nzito juu ya nyeusi iliyokauka. Athens walifanya hivyo, ingawa kwenye vyombo vingi nyeupe hiyo imebanduka.

Nioneshe picha ipi kama mfano?

Moja tu, si kumi. Amfora (mtungi wa mikono miwili) ya Exekias, mchoraji wa Athens, iliyoko makumbusho ya Vatican, ya miaka ya 540 hadi 530 K.K.: Achilles na Ajax, mashujaa wa vita vya Troya, wameinamia mchezo wa kete, mikuki bado mikononi. Kikuze kipande cha joho. Nyota na maua yote yale yamekwaruzwa mstari kwa mstari, ndani ya weusi. Mdomoni mwa Achilles pameandikwa "nne", mwa Ajax "tatu". Watoto watakuambia wenyewe nani anashinda.

Picha itafute ukiwa peke yako, uihifadhi. Vikombe vya karamu vya Wagiriki vina michoro ambayo hutataka itokee ukutani mbele ya darasa la tano.

Tukimaliza tupake vanishi?

Msipake kwa brashi. Itaburuta nyeusi yote.