Kabla Hujasema Magonjwa ya Zinaa Yamepungua

Wadogo zangu mlioingia idara ya rekodi za afya mwaka huu huku kwetu Kisumu, Siaya na Homa Bay, kila mkutano wa robo mwaka naona slaidi ileile: mstari unashuka, juu yake pameandikwa "magonjwa ya zinaa yamepungua", na ukumbi unapiga makofi. Najua mnavyojituma, ndiyo maana makofi hayo yananiuma.

1. Mstari ukishuka, uliza kwanza nani alikuwa kazini. Kijana mmoja hodari alitoa takwimu za miaka kumi kwenye KHIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya. Mwaka 2017 mstari ulizama, naye akaandika kwamba uhamasishaji wa vijana umezaa matunda. Almanusura sentensi hiyo iingie kwenye mpango wa kuagiza dawa. Nikamwita, tukaketi na kufungua ripoti kituo kwa kituo, mwezi kwa mwezi. Kuanzia Juni, seli tupu zilifuatana hadi Novemba. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwani hawa walienda wapi?" Alikuwa bado shuleni wakati ule, hakuwa na namna ya kukumbuka. Madaktari waligoma siku 100, Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi wakagoma Juni, wakarudi Novemba. Zahanati zetu nyingi zinasimama kwa muuguzi mmoja au wawili. Wakitoka, mlango unafungwa. Mwenye kutokwa usaha sehemu za siri hakupona eti kwa kuwa kuna mgomo. Alienda duka la dawa akanunua vidonge, na duka la dawa halijazi MOH 705B, ile fomu ya kila mwezi ya wagonjwa wa nje. Tulichora upya kwa kutumia vile vituo tu vilivyoripoti kila mwezi, na lile bonde likatoweka karibu lote. Huyo kijana sasa ndiye anayewakagua wenzake, tena mkali kunishinda.

2. Seli tupu si sifuri. Piga simu kituoni.

3. Tunahesabu wanaoumwa na kulalamika. Tunatibu kwa dalili, na wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, kwa hivyo hawamo kwenye rejista zetu. Upande wa pili, mama mwenye fangasi tu anaweza kuingizwa kama mgonjwa wa zinaa kwa sababu ya uchafu ukeni. Someni utafiti wa doksisiklini, dawa ya bakteria iliyojaribiwa kuzuia magonjwa ya zinaa, uliofanyika hapa Kisumu, matokeo yakachapishwa 2023. Wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30 walipimwa kwa maabara wakati wa kujiunga, na asilimia 17.9 walikutwa na ugonjwa wa zinaa, wengi wao klamidia. Ila wote walikuwa wanatumia PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kwa walio kwenye hatari kubwa, kwa hivyo si mfano wa wanawake wote. Tafadhali msichukue namba hiyo mkaibandika kaunti nzima, maana nimeshaiona ikibandikwa.

4. VVU isomeni kivyake. KENPHIA ya 2018, utafiti wa kitaifa wa VVU wa nyumba kwa nyumba, ilipata asilimia 4.9 kitaifa kwa watu wa miaka 15 hadi 64. Homa Bay 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3. Hao ni watu wanaoishi na virusi, wakiwemo walioambukizwa zamani na ambao ARV zimewaweka hai. Mtu akimeza dawa akaishi, kiwango kinabaki juu, na hiyo ni habari njema. Anayesimama mbele ya watu akasema namba hizo zinaonyesha maambukizi mapya anawaumiza bure watu wa Ziwa, ambao tayari wamenyooshewa vidole vya kutosha.

5. Kaswende kliniki ya wajawazito: gawanya waliokutwa nayo kwa waliopimwa, si kwa waliohudhuria. Vipimo vikiisha stoo, kaswende "inapungua", vikiletwa, "inalipuka".

6. Mkikwama, nileteeni taliishiti yenyewe, ile karatasi ya kuhesabia wagonjwa, ofisini. Rejista msiipige picha wala kuituma kwa WhatsApp, hata kwangu. Ina majina ya watu, na wengine ni majirani zenu.