Mombasa si Tanga: kwa mdogo wangu anayekuja kujitolea

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika. Unatoka Mbeya, kanisa lenu linakutuma kujitolea Mombasa mwaka mmoja, upande wa Likoni, kufundisha watoto na kushika vijana. Umeuliza maisha ya kila siku yakoje, utaishije na majirani Waislamu, na ubebe nini, gitaa likiwemo. Wengi waliokujibu wamesema usihangaike: lugha ni ileile, wali ni uleule, Mombasa ni Tanga nyingine.

Mimi nakataa. Nilitoka Iringa kwa kazi ya namna hiyohiyo, chekechea ya kanisa, Likoni hukohuko, na mpaka leo naishi huku. Kiswahili ndicho kitakachokuponza usipojihadhari, maana kitakusahaulisha kwamba umevuka mpaka. Mzungu akija kujitolea anakaliwa kikao, anaonyeshwa duka, anaonywa kuhusu maji, anapewa kijana wa kumzungusha mjini. Sisi tunaambiwa "karibu, wewe ni mtu wa nyumbani," tunakabidhiwa ufunguo, imetoka hiyo. Kila ambacho mwenzako angeelekezwa, wewe utakijua siku kimekukwama. Kwa hiyo ujihesabu mgeni tangu siku ya kwanza, na uulize maswali ya mgeni bila kuona haya.

Anza na karatasi. Ni kweli Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Ukivuka mpaka pale Horohoro kuingia Lunga Lunga unagongewa muhuri, na unaweza kupewa hadi miezi sita. Lakini muhuri huo ni wa mtu anayetembea. Kujitolea, hata kama hulipwi senti, huku kunahesabiwa ni kazi, na shughuli za dini na hisani zina kibali chake, kile cha daraja la herufi I. Anayekiombea ni kanisa linalokupokea. Watakwambia "wewe njoo tu, tutashughulikia ukifika." Jibu kwa adabu kwamba ungependa kuona nakala ya maombi kabla hujakata tiketi. Na ukiona vibaya kuwasumbua wachungaji, mkumbuke Krapf, yule mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Alipitia kwanza Unguja, akaja na barua ya Sultani Sayyid Said ya kumtambulisha kwa wakuu wa pwani. Kama yeye alitembea na barua, wewe na mimi ni nani?

Krapf huyohuyo ndiye sababu yangu ya kukukumbusha chandarua. Mkewe, Rosine, alikufa kwa homa Julai ya mwaka ule ule waliofika, na binti waliyemzaa siku hizohizo akamfuata. Kaburi lipo ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na mtu yeyote anaweza kwenda kuliona. Mwili wa Mbeya, kama wangu wa Iringa, umekulia kwenye baridi, haujui mbu wa pwani. Ukisikia homa nenda ukapime siku hiyohiyo, usinunue vidonge kwa kubahatisha. Na bima yako ya nyumbani usiitegemee huku. Uliza mapema, tena kwa maandishi, nani atalipa hospitali.

Nasema kwa maandishi kwa sababu mwenzangu mmoja aliyekuja kwa mpango wa kanisa jingine, silitaji, alikaa hapa huku kanisa lililomtuma likiamini kodi ya chumba inalipwa na wenyeji, na wenyeji wakiamini inalipwa na waliomtuma. Aliyegongewa mlango na mwenye nyumba ni yeye. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila upande uliona aibu kuzungumzia pesa na watu wa Mungu. Wewe ondoa aibu hiyo ukiwa bado Mbeya: posho ni kiasi gani, inatoka kwa nani, tarehe ngapi, kodi na umeme ni juu ya nani, mkubwa wako wa kazi ni nani, siku yako ya kupumzika ni ipi. Hiyo ya mwisho iandikwe kwa wino mzito. Anayeishi ndani ya ua wa kanisa huonekana hana pa kwenda, kwa hiyo ataitwa kufungua geti, kupanga viti vya harusi, kupiga chapa barua ya wazee na kulala na mgonjwa hospitalini, yote Jumamosi moja.

Sasa maji, maana hakuna aliyeyataja. Kisima cha huku mara nyingi ni maji ya chumvi. Utaogea na utafulia, ila sabuni itagoma kutoa povu, na chai ya maji hayo huimalizi. Maji matamu ya bomba yanatoka mbali, mengine chemchemi za Mzima kule Tsavo, mengine Baricho kwenye mto Sabaki, na yanafika kwa zamu, tena zamu zenyewe hazitabiriki. Bomba likikauka utanunua kwa wenye mikokoteni, dumu la lita 20, ambalo huku ni mtungi, na siku za ukame wa bomba bei hupanda asubuhi na kupanda tena jioni. Nunua pipa lenye kifuniko wiki ya kwanza kabla hujanunua hata kiti. Lijaze siku ambayo huna shida ya maji. Na muulize jirani, si mchungaji, mfereji, yaani bomba, unafunguliwa saa ngapi. Mchungaji ana tangi.

Joto utalizoea, ila si haraka. Kuanzia Desemba hadi Machi usiku haupoi, na harara itakutoka shingoni na mgongoni. Oga mara mbili, vaa pamba, ukiweza hamisha kazi nzito ziwe asubuhi. Sweta moja la safarini linatosha.

Pesa itakuchanganya kwa njia ya ajabu kidogo. Namba za huku ni ndogo, hivyo utaona kila kitu rahisi, kisha utaanza kuzidisha kwa ishirini hivi kurudisha kwenye shilingi yetu, na utaona kila kitu ni wizi. Mahamri mawili na mbaazi yatakutoa jasho. Acha kuzidisha mapema uwezavyo. Pata posho kwa shilingi ya Kenya, panga kwa shilingi ya Kenya, sajili laini ya simu kwa pasipoti yako, maana bila M-Pesa hapa hununui hata mchicha kwa raha. Ukikaa Likoni na kazi ikakuvusha kisiwani, feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, hiyo ni neema. Ila asubuhi msongamano wake si wa mchezo: simu iwe mfuko wa mbele, begi kifuani, na ukiwa na miadi ya saa tatu toka kama mwenye miadi ya saa mbili.

Kanisani utashangaa kitu kingine. Watakusifia Kiswahili chako Jumapili nzima, watakupa kusoma matangazo, watoto watakuiga. Jumatatu kamati ikikaa, kumbukumbu ni kwa Kiingereza, bajeti ni kwa Kiingereza, na wazee wawili wakitaka kuelewana haraka watahamia Kitaita au Kikamba mbele yako. Kwetu hilo lingekuwa dharau. Huku si dharau hata kidogo, usilichukulie moyoni, na wala usilihubirie. Jifunze kuandika ripoti ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza, utaheshimika. Vilevile, habari za makabila na siasa waachie wenyewe. Uchaguzi wao mkuu ni kila baada ya miaka mitano, mwezi wa nane, na ukiwa karibu hata kwaya huimba kwa tahadhari. Wewe huna kura, kwa hiyo usiwe na maoni.

Majirani ndio waliokutia wasiwasi zaidi, na kwangu ndio waliokuwa rahisi kuliko kanisa. Ukipangiwa chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, zile za ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani pa kupikia na kuogea pamoja, basi umebahatika, ingawa utaona hakuna siri. Salimia kila unapopita barazani, hata kama ulipita dakika kumi zilizopita. Wazee wape shikamoo yao. Wanawake wa uani ndio watakaokufundisha mji. Bibi wa chumba cha jirani yangu ndiye aliyenionyesha kukuna nazi bila kukuna vidole, akanifunga leso, yaani kanga, vizuri, akanikataza kukaa mlangoni magharibi, na alipoona narudi usiku kutoka mazoezi ya kwaya aliniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, hilo kanisa halina mchana?" Nilikasirika. Baadaye nikaomba mazoezi yasogezwe, yakasogezwa, na waimbaji wengine walishukuru kuliko mimi.

Ramadhani usile barabarani wala usitafune kwenye baraza. Hakuna sheria inayokukataza, ni heshima tu. Jioni utaletewa sahani: kaimati, mihogo ya nazi, pengine viazi karai. Sahani haitakiwi kurudi tupu. Wengine huhangaika watie nini, wakiogopa jirani atasita kula kutoka jikoni kwa Mkristo. Mimi hutia matunda, embe au machungwa, hayana maswali. Krismasi nikipika, kuku anachinjwa na kijana wa jirani, basi sote tunakula.

Utaulizwa waziwazi kama umekuja kugeuza watu dini. Usijikanyage. Sema wewe ni Mkristo, umekuja kufundisha, Jumapili unasali, ukiulizwa imani yako utaieleza. Kwenye chekechea yetu wamekuwapo watoto wa Kiislamu, na wazazi wao waliambiwa siku ya kuandikisha kwamba asubuhi kuna wimbo na sala, na kwamba mwenye kutaka mtoto wake aingie baada ya hapo anaruhusiwa. Wachache walitaka hivyo. Imani ya wazazi kwetu imejengwa hapo, na kijana mmoja mwenye bidii isiyo na simile anaweza kuibomoa kwa kumpeleka mtoto wa mtu Shule ya Jumapili bila ruhusa. Kuna pia ile midahalo ya hadhara ya Biblia na Kurani, yenye vipaza sauti na ushabiki kama wa mpira. Wanaoipenda wapo pande zote mbili. Kwa maoni yangu hakuna jirani aliyewahi kupatikana pale, na mgeni akienda atakumbukwa kwa hilo tu.

Shida itakuwa ripoti ya nyumbani. Waliokutuma watataka idadi: wangapi wameokoka, wangapi wamebatizwa. Ukikosa namba utaanza kujiona umekula posho bure, na hapo ndipo upweke unapokamata, kwa kawaida baada ya mwanzo wenye shamrashamra kwisha na kabla hujapata rafiki wa kweli. Nakurudisha kwa wale wazee tena: Rebmann, mwenzake Krapf, alikaa Rabai, nje kidogo ya Mombasa, tangu 1846 mpaka 1875, akaondoka akiwa karibu haoni kabisa, na waumini aliowaacha walikuwa wachache. Andika ulichofanya kweli: watoto wanaojua kusoma, wagonjwa uliowatembelea, choo kilichokarabatiwa. Ukiona moyo umeshuka, Jumamosi yako iliyoandikwa kwa wino mzito panda feri uende ufukwe wa Mama Ngina, ununue kachiri, zile chipsi za muhogo, zenye ndimu na pilipili, ukae utazame meli zikiingia bandarini. Usiende na mtu wa kanisani.

Kubeba: pasipoti yenye muda mrefu, kadi ya homa ya manjano, nakala za vyeti, chandarua chako mwenyewe, nguo nyepesi, Biblia na kitabu cha nyimbo cha kwenu, maana tenzi utazikuta lakini si zote mnazozipenda. Mchele wa Kyela kilo chache umpe mwenyeji wako, utakuwa umefungua mlango. Na gitaa beba, vijana wa Likoni watakuzunguka siku ya kwanza. Ila nyuzi beba seti za ziada, hewa ya bahari inazila upesi, na usiliegemeze ukutani upande wa dirisha.