Video za stepu kwa wanaoanza: miguu inapishana na goti linauma wakati wa kushuka

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 44, kazi yangu ni ya kukaa, na nimeanza kufuata video za mazoezi ya stepu, yaani ya kupanda na kushuka kijukwaa kifupi kwa kufuata muziki, nikiwa nyumbani. Zote nilizochagua zimeandikwa "kwa wanaoanza". Dakika chache za mwanzo huwa naenda sawa, lakini mwalimu akianza kuinua magoti, miguu yangu na yake inapishana. Nasimama namwangalia, kisha naanza upya na mguu wa kulia, na yeye ameshafika kwingine. Jambo la pili, goti la kushoto linaniuma kwa mbele, na linauma ninaposhuka, si ninapopanda. Natumia stuli ya mbao yenye kimo cha sentimita 25 hivi. Je, video hazinifai, stepu hainifai, au shida ni mimi? Na nikishazoea, niongeze kimo ili nipungue uzito haraka?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kueleza kwa undani. Umetaja goti gani, linauma wakati gani, na mguu gani unaoanza nao, na hayo matatu yamenisaidia sana. Unadhani una shida mbili. Mimi naona ni moja inayojitokeza mara mbili, na nitakuonyesha kwa nini. Lakini kwanza, stuli hiyo iweke pembeni leo hii.

Sentimita 25 ni nyingi mno kwa mtu anayeanza. Stepu zinazotengenezwa kwa kazi hii kwa kawaida huanzia sentimita 10, kisha huongezwa vipande vya chini hadi 15 na 20. Anayeanza anaanzia 10, hata kama mapafu yake yana nguvu na anaona ni rahisi. Unaweza kujipima mwenyewe: simama wima, weka unyayo mzima juu ya stepu, utazame goti. Likikunjwa kufikia digrii 90, kimo hicho kimekuzidi. Goti ambalo tayari linalalamika lisikunjwe zaidi ya digrii 60.

Hesabu itakuonyesha uzito wa jambo hili. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika, na hatua ya msingi inayotumia mapigo 4, unakupandisha na kukushusha mara 30 kila dakika. Kwa dakika 20 ni mara 600. Kwenye stepu ya sentimita 10 umepanda mita 60 kwa jumla. Kwenye stuli yako umepanda mita 150, na kila mita uliyopanda umeishuka pia, kwa goti hilo hilo.

Kuna na suala la stuli yenyewe. Ni nyembamba, na ukikanyaga ukingoni inaweza kupinduka. Stepu inayofaa inapokea nyayo zote mbili zikiwa zimeachana kidogo, kisigino kikiwa ndani, na haitelezi wala kuinuka upande mmoja unapokanyaga pembeni. Zile za kumbi za mazoezi zina urefu wa mita moja na kitu na upana wa sentimita 40 hivi. Za nyumbani ni ndogo zaidi lakini zinatosha. Kama huna, usipange vitabu wala usigeuze kreti. Bandika utepe sakafuni uchore mstatili wa ukubwa huo, ufanye hatua zote ndani na nje ya mstari. Kwa wiki mbili za kwanza ningekushauri hivyo hata kama ungekuwa na stepu nzuri, kwa sababu unachohitaji sasa hivi ni kujua miguu inaenda wapi.

Sasa goti.

Katika hatua ya msingi miguu huenda hivi: kulia juu, kushoto juu, kulia chini, kushoto chini. Hapo mguu unaoongoza ni wa kulia, na kazi ya kuuinua mwili wote juu inafanywa nao. Angalia sasa kinachotokea wakati wa kushuka. Mguu wa kulia unatangulia chini, na wakati unaelekea sakafuni, aliyebaki juu akiubeba mwili na kuuteremsha ni wa kushoto. Misuli ya mbele ya paja la kushoto inafanya kazi ya breki: inavutwa na kurefuka huku imebeba uzito, na kilegesambwa, yaani kifupa cha mbele ya goti, kinakandamizwa kwenye mfupa ulio nyuma yake. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya zoezi hili, ingawa pumzi inatuambia kwamba ngumu ni kupanda.

Wewe umesema kila ukipotea unaanza upya na mguu wa kulia. Maana yake ni kwamba siku zote anayekuteremsha ni wa kushoto, kutoka kimo cha sentimita 25. Siwezi kulipima goti lako kwa barua, lakini maumivu ya mbele, ya upande huo, wakati wa kushuka tu, yanalingana kabisa na picha hiyo. Ndiyo maana walimu wa stepu tuna kanuni ya kutokaa na mguu mmoja ukiongoza kwa zaidi ya dakika moja hivi. Video nzuri inabadilisha yenyewe, ila inakubadilishia tu kama unaifuata. Ukipotea, unabaki upande mmoja. Kwa hiyo kupotea kwako na kuumwa kwako vimeshikana.

Usije ukaogopa kwamba stepu ni adui wa magoti. Zoezi hili lilienezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Gin Miller, mwalimu wa aerobiki wa Marekani, ambaye alikuwa ameumia goti na daktari akamshauri alijenge upya kwa kupanda na kushuka kreti ya maziwa. Kupanda na kushuka kunaimarisha goti kama kimo ni kidogo na mwendo umedhibitiwa.

Namna ya kushuka, basi. Shukia karibu na stepu, umbali usiozidi urefu wa unyayo wako mmoja. Wengi hutupa mguu mbali nyuma, mwili ukainama mbele, na uzito wote ukaangukia goti lililobaki juu. Mguu uguse sakafu kwa sehemu ya mbele ya unyayo kwanza, halafu kisigino kishuke kabisa kabla ya hatua inayofuata. Unapopanda ni kinyume: unyayo mzima uwe juu ya stepu, kisigino kisining'inie nje, la sivyo kano ya kisigino na shavu la mguu vitaanza kuuma. Goti lielekee vidole vilikoelekea, lisiporomoke kwa ndani. Simama mbele ya kioo uliangalie, kwa sababu huko kuporomoka mtu mwenyewe hakusikii. Usishuke kwa kuipa stepu mgongo, yaani kutangulia mbele, na usishuke kwa kuruka. Mruko, siku ukifikia huko, ni wa kwenda juu tu.

Kuna tofauti moja inayowachanganya watu. Mwalimu akisema mpeleke mguu mmoja nyuma mbali, uguse sakafu na kuurudisha haraka, hapo usilazimishe kisigino kufika chini. Gusa kwa vidole urudi.

Tuje kwenye miguu inayopishana, na hapa naomba uwe na subira nami, maana nikikueleza vizuri hutapotea tena kwa namna ile. Umesema unapotea pale magoti yanapoanza kuinuliwa. Si ajabu, kwa sababu hapo ndipo mguu unaoongoza hubadilika, na walimu wengi wa kwenye video hawasemi.

Rudi kwenye hatua ya msingi: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Uzito wa mwili umehama mara 4, na mwisho wake umesimamia mguu wa kushoto, kwa hiyo ulio huru kuanza tena ni wa kulia. Ungeweza kwenda hivyo mchana kutwa, kulia angeendelea kuongoza. Sasa inua goti: kulia juu, goti la kushoto hewani, kushoto chini, kulia chini. Mapigo ni 4 vilevile, lakini uzito umehama mara 3 tu, kwa sababu mguu wa kushoto ulipokuwa hewani haukubeba chochote. Umemaliza ukiwa umesimamia wa kulia, na ulio huru ni wa kushoto. Mwalimu ameshaanza na kushoto, wewe unang'ang'ania kulia, na hapo ndipo mnapoachana.

Kanuni yake inafanya kazi kwenye hatua karibu zote za wanaoanza. Uzito ukihama mara 4, mguu ni ule ule. Ukihama mara 3, mguu umebadilika. Hatua ya V, ile ya kupanda ukiwa umetanua miguu na kushuka ukiibana, ni mara 4. Kuinua goti, kurusha teke dogo, kukunja kisigino kuelekea makalio, kugusa juu ya stepu bila kukanyaga: zote ni 3. Hata lile goti linaloinuliwa mara tatu mfululizo, linalochukua mapigo 8, linabadilisha.

Zoezi la kukufundisha hilo lifanye bila video, kwa muziki wowote wa polepole. Hatua ya msingi mara 3 ukiongoza na kulia, kisha inua goti mara 1. Hayo ni mapigo 16. Mguu umebadilika wenyewe, kwa hiyo fanya mara 3 ukiongoza na kushoto, kisha goti mara 1. Mapigo 32, na umerudi ulikoanzia. Muziki unaotengenezwa kwa mazoezi haya hupangwa kwa mafungu ya mapigo 32, na utausikia ukianza upya pamoja nawe. Rudia mpaka uache kuhesabu.

Ukipotea katikati ya video, usisimame kumtazama mwalimu. Endelea na hatua ya msingi, au piga hatua papo hapo sakafuni, mpaka arudie mwanzo wa fungu. Kama uko na mguu usio wake, mara inayofuata gusa tu chini pale ambapo ungekanyaga: kulia juu, kushoto juu, kulia chini, kushoto gusa. Mguu wa kushoto sasa uko huru, uongoze.

Kuhusu video zenyewe, maneno "kwa wanaoanza" hayakuambii mengi. Pima kasi. Kabla ya kufanya, kaa uhesabu mapigo ya muziki kwa sekunde 15, uzidishe kwa 4. Ukipata 29 au 30, upo kwenye mapigo 116 hadi 120, na hapo panakufaa. Ukipata 32, ni mapigo 128, ambayo ni kasi ya watu waliozoea. Ukipata 34, iache, hata ikiwa na jina gani. Video nzuri iliyo ya haraka unaweza kuipunguza kwa mpangilio wa kasi ya kicheza video: robo tatu ya mapigo 128 ni 96, mwendo wa kujifunzia hatua tu.

Sikiliza pia kama mwalimu anaitangaza hatua kabla haijaanza, mapigo kadhaa mbele, au anasema wakati yeye mwenyewe ameshaingia. Wa pili hatakufaa hata kama ni hodari. Angalia kama kamera inaonyesha miguu muda wote. Video zinazokimbilia kuonyesha nyuso hazikufundishi kitu. Kama mwalimu anakutazama, kwa kawaida anajigeuza kama kioo: anasema "kulia" huku yeye akitumia kushoto. Wengine wanakupa mgongo. Chagua aina moja ukae nayo hadi uzoee. Na skrini iwe mbele yako usawa wa macho. Simu iliyolazwa sakafuni inakuinamisha shingo na kiuno kwenye zoezi linalotaka mwili uwe wima.

Mikono iache. Iweke kiunoni au ining'inie, mpaka miguu ijue njia. Vidumbeli, yaani vyuma vidogo vya kushika mkononi, usishike kabisa wakati wa stepu. Vaa raba zenye soli imara, usifanye peku. Dakika 15 hadi 20, mara 2 au 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati, zinakutosha kwa mwezi wa kwanza, mbali na dakika 5 au zaidi za kupasha mwili joto na nyingine za kuupoza. Kasi ya bidii ipime kwa maneno: uweze kusema sentensi fupi, usiweze kuimba.

Goti la kushoto lipe siku kadhaa bila stepu kwanza. Likitulia, tumia kimo cha sentimita 10, shikilia kiti, simama kwa mguu mmoja juu, ushushe mwingine kwa kuhesabu tatu polepole hadi kisigino kiguse, kisha urudi. Mara 8 kila mguu, siku moja moja ukiruka, maadamu haliumi. Likivimba, likikwama, likilegea ghafla kama linataka kukuangusha, au maumivu yakiendelea hata ukiwa umepumzika, nenda kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya video nyingine yoyote. Kizunguzungu au kifua kubana ni kuacha papo hapo na kutafuta matibabu. Kama una presha, unatumia dawa za moyo au una ujauzito, zungumza na daktari wako kwanza.

Na kimo, kwa ajili ya uzito? Ukitaka kuongeza kazi, ongeza kwanza dakika, halafu aina za hatua, halafu kasi kidogo kidogo. Kimo kiwe cha mwisho. Utaongeza hadi 15 siku utakayomaliza video nzima ukianza na mguu wowote kati ya miwili, macho yakiwa mbele badala ya miguuni, na goti likiwa kimya siku hiyo na kesho yake.