Ni sukari inayomfanya mwanangu asitulie?

SWALI: Shikamoo Bi Lishe. Mwanangu ana miaka 8. Daktari amesema ana ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kuwa makini, akamwanzishia dawa ya methilifenideti kila asubuhi. Mama mkwe anasema niache dawa, nimnyime tu sukari na mabuyu, atatulia. Na tangu aanze dawa, chakula cha mchana hakigusi. Nifanyeje?
Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dawa usiikatishe kwa maneno ya jikoni. Sukari haileti ADHD. Watafiti wa Marekani walikusanya majaribio ambayo watoto walipewa sukari au kitamu kisicho sukari, wazazi wasijue kipi ni kipi. Mwaka 1995 wakachapisha kwamba tabia haikubadilika. Mpunguzie kwa ajili ya meno yake.

Kwenye mabuyu, mama mkwe ana hoja kiasi. Tatizo si ubuyu, ni ile rangi inayobaki vidoleni hadi kesho. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Southampton kiliwanywesha watoto juisi yenye rangi za viwandani pamoja na kihifadhi, na baadhi yao wakazidi kuhangaika, hata wasio na ADHD. Athari ilikuwa ndogo, wala si kwa kila mtoto. Tangu 2010, Ulaya inataka chakula chenye rangi hizo kiandikwe onyo. Soma pakiti ya juisi ya unga: ukiona E102 au E110, ambazo ni namba za rangi hizo, iache dukani, mtengenezee ya ukwaju.

Sasa hiyo sahani ya mchana, ndiyo inayonisumbua mimi. Dawa hiyo hukata hamu ya kula. Basi mshibishe kabla hajaimeza: uji wa ulezi wenye maziwa na karanga, na yai la kuchemsha. Chai ya rangi na andazi havimfikishi popote. Mchana asipotaka, usimfokee. Mfungashie ndizi na karanga. Jioni dawa ikipungua nguvu, njaa itarudi, na hapo ndipo umpakulie wali, dagaa na mchicha, hata kama ni saa mbili usiku.

Chai isiandamane na chakula, maana inazuia madini ya chuma. Mwombe daktari ampime damu, kwani upungufu wa chuma nao huvuruga umakini. Vidonge vya chuma usimnunulie kwa kubahatisha. Mpime uzito kila mwezi, uuandike. Ukishuka, rudi kwa daktari na hilo daftari, apange upya kipimo cha dawa.