Gari lililotumika: likague injini ikiwa baridi

SWALI: Fundi, ndiyo mara yangu ya kwanza kununua gari, na akiba yangu inatosha gari la bei ya chini lililokwisha kutumika. Nimeliona moja la miaka 15, lenye giaboksi ya otomatiki, na kipimo chake kinaonyesha kilomita 90,000. Nilipofika, injini ilikuwa imeshawashwa, imeoshwa ikang'aa, na ilinguruma vizuri. Je, niamini?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda muuzaji aliliwasha kwa nia njema, lakini injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi, na iliyotoka kuoshwa haionyeshi mahali oili inapovuja. Rudi siku nyingine, umwombe asiiwashe kabla hujafika, kisha uguse boneti kwa kiganja uhakikishe ni baridi.

Hapo ndipo ufungue kifuniko cha rejeta, ambacho hakifunguliwi kamwe injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji huruka na kuunguza. Ukikuta maji yana utando wa oili, au oili kwenye kijiti cha kupimia imegeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, na mara nyingi kisa huwa ni kuharibika kwa gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kilicho kati ya injini na kichwa chake cha juu. Mimi ningeondoka hata bei ikipunguzwa, maana gharama ya kuifungua injini inaweza kukaribia bei ya gari la namna hiyo.

Injini ikiwashwa, simama nyuma. Moshi mweupe mwepesi unaotoweka baada ya dakika chache ni mvuke tu, ila ukiendelea kuwa mzito, injini inachoma maji yake. Wa bluu ni oili inayoungua, na mweusi ni mafuta yanayozidi hewa. Tazama pia taa ya injini kwenye dashibodi: inapaswa kuwaka unapofungua swichi na kuzimika injini ikishawaka, na isipoonekana kabisa, yawezekana imeondolewa ili hitilafu isijulikane. Kisha, ukiwa umekanyaga breki, hamisha gia kutoka P (ya kuegesha) hadi R (ya kurudi nyuma), halafu D (ya kwenda mbele). Ikikawia kushika au ikigonga kwa kishindo, giaboksi ina tatizo.

Kuhusu kilomita, 90,000 kwa miaka 15 ni wastani wa 6,000 kwa mwaka, jambo linalowezekana lakini linalohitaji ushahidi, kwani kipimo huweza kurudishwa nyuma. Mpira wa pedali uliolika, usukani uliochakaa na kiti cha dereva kilichobonyea havilingani na gari lililotembea kidogo. Binafsi, ningechagua gari la kilomita 200,000 lenye kumbukumbu za sevisi kuliko hilo la 90,000 lisilo na karatasi yoyote.

Uliza pia kama injini inatumia mkanda wa taiming, unaopatanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, au cheni ya kufanya kazi hiyo. Mikanda mingi hubadilishwa baada ya kilomita 100,000 hivi au miaka kadhaa, lolote litakalotangulia, na ukikatika, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni. Bila risiti ya kuubadilisha, gharama hiyo iondoe kwenye bei unayotaka kulipa.

Fundi wa kulikagua mchague wewe, asiwe wa muuzaji, naye aisome mbele yako namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi, mkiilinganisha na hati ya usajili kabla fedha hazijatoka mkononi mwako.