Re: Wapi pa kutazama nyota karibu na Kondoa mjini?

Ndugu, umeuliza uende upande gani na lini. Nenda kusini, barabara ya Dodoma, kilomita 10 hivi. Kiini cha Njia Nyeupe (ule ukanda wa nyota wa galaksi yetu; kiini ndiyo sehemu yake ang'avu zaidi) hukaa anga ya kusini, kwa hiyo mwanga wa mji ubaki mgongoni. Ukienda kaskazini, upande wa Kolo, utautazama huohuo mwanga unaoukimbia. Ukifika, acha lami nusu kilomita au zaidi. Taa za mabasi zikikupiga mara moja, macho yanahitaji tena dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Tochi ifunge kitambaa chekundu, na simu usiiguse.

Chagua usiku wa kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata kwa kalenda ya Kiislamu, mwezi wa angani ukiwa mwembamba au haupo. Juni na Julai ndiyo bora: hakuna mvua, na katikati ya Julai kiini kinafika juu kabisa kama saa 5 usiku. Septemba na Oktoba moshi wa kuchoma mashamba huharibu, hasa chini karibu na upeo.

Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji mchana. Gari geni gizani huleta sungusungu.