Maswali ya Wasomaji: Ndugu wa Kiduha Anayelindwa kwa Sheria

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, sisi wakulima wa mtama na mahindi huku Misungwi tunang'oa kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao yetu, kila msimu. Binti yangu anayesoma sekondari ananiambia kuwa Marekani kuna mmea wa ukoo huohuo, nao unalindwa na serikali. Je, ni kweli? Na kwa nini mnyonyaji alindwe?
Mkulima, Misungwi

JIBU: Ndugu msomaji, binti yako amesema kweli. Mmea huo, ambao wataalamu huuita Chloropyron maritimum, huota kwenye vinamasi vya maji ya chumvi katika pwani ya California na ya jirani yake Mexico, na aina yake ya kusini iliorodheshwa na serikali ya Marekani kuwa hatarini kutoweka mwaka 1978. Kama kiduha, una rangi ya kijani na hujitengenezea sehemu ya chakula chake kwa mwanga wa jua, huku mizizi yake ikijishikiza kwenye mizizi ya jirani na kufyonza maji na madini. Chumvi inayozidi huitoa kupitia majani, hata ukiyatazama kwa karibu unaona chembe nyeupe zimeganda juu yake.

Majirani unaowanyonya ni nyasi za kinamasi ambazo hakuna aliyezipanda, kwa hiyo haumpotezei mtu gunia hata moja. Kilichoumaliza ni vinamasi kufukiwa ili kupata bandari, barabara na nyumba. Kuurudisha ni kazi ngumu, kwa kuwa mbegu peke yake haitoshi: wanahitajika nyuki wa mwitu wa kuchavusha maua, ambao wengi wao huchimba viota katika ardhi kavu iliyo kando ya kinamasi, na zinahitajika nyasi za kudumu, maana nyasi za kigeni za msimu hukauka mapema na kuuacha mmea bila riziki kabla haujakomaza mbegu. Kwa maoni yangu, anayeulinda mmea huu analinda kinamasi kizima.

Hayo yasikufanye ukihurumie kiduha shambani. Marekani hiyohiyo ilipokikuta kwenye mahindi ya Carolina mwaka 1956, ilianza kampeni kali ya kukitokomeza. Kila mche hutoa maelfu ya mbegu zinazoishi udongoni miaka mingi, kwa hiyo ng'oa kabla hakijachanua, na upande mtama na pamba kwa zamu, kwani mizizi ya pamba huziamsha mbegu za kiduha bila kuzilisha, nazo hufa.